Mkono wa Kushoto wa Mchoraji

Mtu akiniuliza Mchoraji ni mtu wa namna gani, huanza na jeneza la mama yake.

Nyumba yao ilikuwa na ujia mwembamba wenye kona kabla ya mlango wa mbele. Wanaume sita waliolibeba jeneza walifika pale kwenye kona wakakwama. Mmoja akashauri lirudishwe chumbani, mwingine akataka mlango ung'olewe, na shangazi yake akaangua kilio upya, safari hii cha aibu. Mfiwa mwenyewe alikuwa amesimama kando ya ukuta, hana chozi. Nikautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umeinuka usawa wa kiuno, vidole vimejikunja kama vimeshika kifuniko cha chupa ya chai, unageuka hewani taratibu. Ukainama mbele, ukajizungusha, ukavuta juu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba miguu itangulie, kichwa kiinuliwe, na sanduku lilazwe kidogo upande wa kulia. Wakafanya hivyo. Jeneza likapita bila kugusa ukuta.

Waombolezaji walisema Mungu amemfunulia. Mimi nilijua alichofanya. Alikuwa amemgeuza mama yake kama alivyogeuza miguu ya watu kazini kila siku, kwa mkono uleule, na roho iliniuma kuona kwamba hata siku hiyo mkono wake haukupewa likizo.

Tulifanya kazi pamoja katika karakana ya miguu na mikono ya bandia, jengo refu la bati nyuma ya hospitali, lenye madirisha upande mmoja tu. Mimi ndiye Mama Plasta. Nina jina jingine, ila linajulikana na ofisi ya ajira peke yake. Zamani kila mguu uliotoka pale ulipita mikononi mwangu. Mgonjwa aliketi, nikamfunga kigutu chake, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa, kwa bandeji zenye plasta, ikikauka nikaivua, nikaijaza, nikapata sanamu ya kigutu. Hiyo sanamu niliipiga tupa mpaka ikawa sawa: hapa nyama inavumilia, bonyeza, hapa pana mfupa, legeza. Juu ya sanamu tukavuta plastiki ya moto, na ikipoa tukawa na kikombe, yaani kile kipokeo ambamo kigutu huingia na mwili wote husimama juu yake. Mguu wa chini waweza kuununua popote. Kikombe hakinunuliki, maana hakuna vigutu viwili vinavyofanana.

Chini kabisa ya kikombe, mahali ambapo mgonjwa hapaoni, aliyekitengeneza aliweka alama yake. Yangu ilikuwa mikwaruzo mitatu ya tupa. Haikuwa ya kujisifu. Mguu ukirudi kwa sababu unaumiza, tuligeuza kikombe tukatazama alama, na mwenye alama ndiye aliyetoka mbele, akapiga magoti, akauvua mguu ule kwa mikono yake mwenyewe huku mgonjwa akimtazama utosini. Kazi ya namna hiyo hukufundisha haraka kuliko chuo.

Halafu akaja Mchoraji na kompyuta yake. Alikuwa mwembamba, mkimya, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye mifuko. Alitoka kiwanda cha pampu alikokuwa akichora vyuma, na mezani aliweka kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukiona: kitako kizito cha chuma, na juu yake kofia nyeusi ya mpira, nene, ya kukaa vizuri ndani ya vidole. Nikamuuliza kama ni uyoga. Akacheka, jina likabaki, mpaka Mkuu wa karakana akaliandika hivyo kwenye daftari la vifaa.

Alinieleza siku ileile, japo sikumwuliza. Kipanya cha kawaida, akasema, huteleza juu ya meza tu, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Uyoga hauendi popote. Unausukuma kidogo mno, na kitu kilicho ndani ya skrini kinasogea mbali; unauvuta juu, kinapanda; unauinamisha, kinainama; unauzungusha, kinakuonyesha mgongo. Mkono wa kushoto unakishika kitu, mkono wa kulia unakichonga kwa kipanya, vyote kwa wakati mmoja, kama mimi nilivyoshika sanamu kwa kushoto na tupa kwa kulia. Nikamwambia kwamba mimi nashika kitu kilichopo. Akasema nipe siku, utaona.

Nilimpa miaka kumi na minne. Mkuu alinunua skana ya mkononi na mashine ya kuchonga, na plasta ikawa ya dharura tu. Mchoraji alipiga picha kigutu kwa pande zote, akakigeuza kwenye skrini, akakichonga humo, na mashine ikatoa sanamu tayari. Alama chini ya vikombe ikawa uyoga mdogo. Mimi nilibaki na kuvuta plastiki, kulainisha kingo, na jambo moja ambalo Mkuu hakuthubutu kuniondolea: hakuna kikombe kilichotoka kabla sijaingiza ngumi ndani, nikafumba macho, nikapapasa. Nikikuta kasoro nilimgombeza Mchoraji mbele ya watu. Mwanzoni nilizikuta nyingi. Miaka ikaenda zikapungua, na ile ya mwisho mwisho sikukuta hata moja. Niliumia kukubali, lakini jamaa alikuwa fundi. Alinizidi, na aliniita dada, na hakuwahi kunikumbusha kwamba alama yangu ilikufa kwa sababu yake.

Mkono wake ulizoea kazi hiyo kiasi kwamba ulifanya hata asipoutuma. Akisikiliza mtu, unageuza. Akisubiri chai, unageuza. Mkewe, ambaye mimi humwita wifi, alikuwa akisema wanawake wengine hulala na mume, yeye hulala na mume na uyoga.

Uyoga ulianza kutikisika mwaka wa kumi na nne. Aliniita nitazame. Kwenye skrini palikuwa na kigutu cha mtu, na kilikuwa kikitetemeka, kidogo sana, hakitulii. Akasema kofia imelegea. Akaufuta kwa kitambaa, akabadilisha waya, akauwekea kipande cha mpira wa tairi chini. Fundi wa kompyuta alipokuja ziara yake ya kila mwezi, aliuchukua akaurudisha, akasema hajaona kosa. Mchoraji akanuna. Wiki chache baadaye Mkuu akamwagizia mpya, Mchoraji akaufungua kwenye boksi kwa furaha ya mtoto, na alasiri hiyohiyo nikamsikia akisema nao una ugonjwa uleule.

Kuna mahali kwenye kompyuta pa kuupunguzia uyoga usikivu, ili usifuate kila mguso. Akapunguza. Kutetemeka kukaisha, ila sasa ilibidi ausukume kwa nguvu ndipo kigutu kigeuke, na kikigeuka kiliruka. Kazi ya saa mbili ikawa ya siku nzima. Niliona pia kwamba ule mchezo wa kugeuza vitu hewani umekoma, na mkono wa kushoto unakaa mfukoni. Nilidhani ni uzee na heshima zake. Nilimtania kwamba hatimaye mkono wake umestaafu kabla yake. Alitabasamu, na leo nikikumbuka tabasamu lile natamani ningejing'ata ulimi.

Mwalimu alikuja kipindi hicho. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo, amekatwa mguu chini ya goti baada ya ajali. Alituambia hataki mguu wa matembezi tu; anataka mguu wa kusimama mbele ya ubao vipindi sita. Mchoraji alimpima, akamchora siku tatu, mashine ikachonga, nikavuta plastiki, tukapata kikombe.

Nikaingiza ngumi, nikafumba macho, nikapapasa. Upande wa nje, chini kidogo ya goti, panapokaa kichwa cha mfupa mdogo, nikasikia ukingo. Si mkubwa. Mbonyeo uliotakiwa kuishia kwenye nyama ulikuwa umesogea kwa upana wa kucha, ukapanda kuelekea mfupani. Kidole changu kilijua palepale. Kwa plasta yangu nisingekubali ukingo ule hata kwa adui.

Lakini kichwa kikakibishia kidole. Nikajiambia kwamba Mchoraji huona ndani ya skrini mambo ambayo mimi siyaoni. Nikajiambia miaka mingi sijamkuta na kosa, basi hili litakuwa la makusudi, mbinu mpya, na mimi nitajiaibisha kuuliza. Nikakipitisha. Mwalimu alipojaribu mguu alisema unabana kidogo kwa nje. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia kiatu kipya hubana.

Alirudi baada ya siku kumi na moja. Alikuwa amesimama vipindi sita kama alivyosema, kila siku, kwa sababu aliona haya kuketi mbele ya watoto. Mkuu akageuza kikombe, akatazama chini, akamwita Mchoraji.

Mchoraji akatoka, akapiga magoti. Mkanda wa mguu una kifungo kidogo ambacho mtoto hukifungua. Akajaribu kwa mkono wa kulia na wa kushoto, wa kushoto ukawa mzito, haufuati. Akajaribu tena. Alipopumzisha mkono ule juu ya goti lake mwenyewe ili aanze upya, ukaanza kutetemeka, kidole gumba kikisugua cha shahada, hauachi. Mwalimu akauona. Akainama akafungua kifungo mwenyewe, akamwambia pole, yeye mwenye kidonda akimpa pole mwenzake. Kikombe kilipotoka tuliona ngozi imechimbika pale penye mfupa, jeraha bichi. Sikuweza kumtazama usoni. Nililipaka dawa na kulifunga, na nilikuwa nikijilaani kimoyomoyo kila nilipozungusha bandeji.

Mwalimu alipoondoka kwa magongo, Mchoraji alikwenda kunawa. Nikaingia chumbani kwake peke yangu. Skrini ilikuwa na kigutu kilekile, na ule usikivu alikuwa ameurudisha juu, nadhani akitafuta kosa lilikoanzia. Miaka kumi na minne sikuwahi kuugusa uyoga, kwa kiburi tu. Nikaketi kwenye kiti chake, nikauwekea mkono wangu wa kushoto.

Kigutu kilitulia tuli. Nikauinamisha kidogo, kikainama. Nikaacha kusukuma, nikauacha mkono umepumzika juu yake. Tuli. Nikahesabu mpaka hamsini, hakikucheza hata unywele. Nilipogeuka, Mchoraji alikuwa mlangoni, mikono inachuruzika maji.

"Umetulia?" akauliza.

"Umetulia, kaka."

"Hata ukiuacha mkono hivyohivyo, husukumi?"

"Hata hivyo."

Akaja, nikampisha kiti. Akapangusa mkono kwenye suruali, akauweka juu ya uyoga. Mguu wa Mwalimu ukaanza kutetemeka kwenye skrini, mbele yetu sote wawili. Hakuuondoa mkono. Aliutazama mguu ule kama mtu anayesoma barua mara ya pili.

"Basi si uyoga," akasema.

Niliona nisiposema sasa sitasema kamwe. Nikamwambia kwamba ule ukingo niliusikia. Ngumi ilipoingia, niliusikia, nikanyamaza.

"Mbona hukusema, dada?"

"Nilidhani umeuweka wewe."

Akatikisa kichwa. "Miaka yote umenigombeza kwa makosa madogo madogo. Siku lilipokuja la kweli ndipo ukaniheshimu."

Sijawahi kuambiwa neno lililoniingia kama lile, na hakulisema kwa hasira. Nililia. Yeye hakulia, alizima skrini, akaniambia twende kwa Mkuu pamoja, kwa kuwa kosa lina wazazi wawili.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Daktari alimtembeza korido, akamwambia agonge vidole, akamkunja kiwiko, akataja jina refu la kigeni ambalo maana yake ni ugonjwa wa kutetemeka. Alieleza kwamba mkono huanza kutetemeka ukipumzika, ndiyo maana akibeba kitu kazini hakuna aliyeona. Dawa zipo za kuutuliza, za kuuponya hazipo. Umeanza kushoto; kwa kawaida, miaka ikienda, na kulia hufuata. Nilikwenda kumsalimu nyumbani, wifi akaniambia yeye alishaona zamani, tangu kikombe cha chai kianze kugonga kisahani alichokipumzisha pajani, akauliza akajibiwa ni baridi. Akasema kwa uchungu, mbele ya mumewe, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mchoraji akamjibu kwamba kwake kifo hakikupata nafasi, uyoga ulikiwahi. Tulicheka wote watatu, kicheko kisichofika mbali.

Mkuu alitaka kazi ya Mwalimu ipelekwe karakana nyingine, na Mchoraji apumzike. Hakuwa mtu mbaya, aliogopa jeraha la pili. Mchoraji akamwomba jambo moja tu. Alisema amechora vikombe elfu na zaidi, na hawezi kuondoka pale cha mwisho kikiwa kimemchimba mtu mfupani. Amalize mguu wa Mwalimu, kisha atakubali lolote. Mkuu akatazama dirishani, akasema kidonda kitahitaji wiki sita kukauka kabla ya kupimwa upya. Una hizo sita, akamwambia. Zikiisha hujaweza, mguu unakwenda kwingine.

Hapo ndipo nilipomwona Mchoraji kuliko nilivyowahi kumwona. Alifika kabla ya mfagizi. Alijaribu dawa kwa saa zake, akipima lini mkono unatulia. Alijifunga kifuko cha mchanga kwenye kiwiko. Alihamisha uyoga kulia na kipanya kushoto, na kila kitu kikaenda kinyume, akabaki akifuta alichochora. Hakulalamika, ila shingo ilikuwa inalowa jasho na chumba kina ubaridi. Mimi nilikuwa mlango wa pili nikilainisha kingo ambazo zilikuwa laini tayari, nikisikiliza kipanya kikibonyezwa na kunyamaza, kikibonyezwa na kunyamaza.

Wiki ya tatu ilipokwisha aliniita. Alikuwa amesogeza kiti chake pembeni na kuweka kingine katikati.

"Kaa hapo."

Nilimwambia asinifanyie mzaha. Mimi mtu wa plasta, nimebakiza miaka minne nistaafu, na samaki hukunjwa angali mbichi. Akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamuuliza kwa ukali kama anajiita koleo.

"Koleo ni huu mkono," akasema, akiuinua unatetemeka. "Uhunzi ninao bado. Na wewe unao. Kaa, dada."

Siku ya kwanza nilikirusha kigutu nje ya skrini, hatukukiona tena mpaka alipobonyeza kitu cha kukirudisha mahali pake. Siku ya pili hivyohivyo. Nilikuwa naukamata uyoga kama tupa, nikausukuma kwa bega zima. Aliniambia usiushike, uguse. Nikamjibu kwamba mimi tangu nizaliwe nagusa vitu kwa nguvu na mume wangu anajua. Siku ya tano nilisimama nikasema basi, nimeshindwa, nikavua na miwani. Hakunibembeleza. Aliniambia nifumbe macho, nifanye kigutu chenyewe kiko mkononi, kile cha plasta, chenye uzito wake, na ninataka kutazama nyuma ya goti. Ningefanyaje?

Mkono wangu ukafanya. Haukuniuliza. Nilipofumbua macho, nyuma ya goti ilikuwa mbele yangu, imetulia, na nikahisi chini ya kidole gumba kijishimo kidogo kwenye mpira, palipolika kwa kidole chake. Alikuwa ameurudisha ule uyoga wa zamani, ule alioudai ni mgonjwa.

Wiki ya sita Mwalimu akapimwa upya, ngozi imeziba, imeacha kovu jekundu. Tukaanza. Tuliketi bega kwa bega kama watoto wa darasa moja, mkono wangu wa kushoto kwenye uyoga, mkono wake wa kulia kwenye kipanya. Yeye akisema nipe upande wa ndani, namgeuzia, akichonga, nashikilia. Watu wa karakana walichungulia mlangoni, wakaondoka bila kutania. Tulikwenda vizuri siku mbili, na nakiri nilifurahi. Niliona tumepata njia, tutaendelea hivi mpaka nistaafu, mkono wangu na wake, nani atatuuliza.

Siku ya tatu tulifika pale penye mfupa mdogo. Nikamgeuzia upande wa nje, nikasubiri. Kipanya hakikubonyezwa. Nilipomtazama, alikuwa ameutoa mkono wa kulia mezani.

"Hapa chonga wewe."

"Mkono huo mzima, kaka."

"Leo mzima. Chonga. Kidole chako ndicho kilichojua."

Nilichonga kwa mikono yangu yote miwili. Nililegeza pale penye mfupa, nikabonyeza penye nyama, nikirudia mara tatu kila mahali, na yeye akitazama bila kunirekebisha isipokuwa mara moja. Mashine ikachonga, plastiki ikavutwa, ikapoa. Nikaingiza ngumi nikafumba macho. Kisha nikampa, naye akaingiza ya kulia, akapapasa, akaitoa. Akanirudishia kikombe bila kutaja kasoro, na kwake hiyo ilikuwa sifa.

Ikabaki alama. Miaka kumi na minne nilikuwa nimeitamani ile nafasi chini ya kikombe. Nililala nayo na kuamka nayo, nikamwonea mtu kijicho kwa ajili yake. Sasa nikachukua kalamu ya kuchongea nikaanza kuchora uyoga mdogo. Akanishika kifundo cha mkono.

"Weka yako."

Nikamwambia tuweke zote mbili. Kazi ni yetu, na heshima ni yake kuliko yangu.

"Alama si heshima, dada. Alama ni ya kuitwa. Nikiitwa mimi, nitakuja kufanya nini? Mwalimu ajifungulie mkanda tena?"

Nikakwaruza mistari yangu mitatu.

Mwalimu alikuja asubuhi yenye mvua nyepesi, na kiatu chake cha pili ndani ya mfuko. Nilipiga magoti peke yangu, nikamvisha, nikafunga kifungo. Akasimama kati ya vyuma viwili vya mazoezi. Mchoraji alikuwa nyuma yangu kando ya ukuta, mikono yote mfukoni, amevaa shati la pasi. Mezani kwake vitu vilishafungwa kwenye boksi tangu jana. Mwalimu akapiga hatua moja, akatulia kusikiliza mguu. Akapiga ya pili. Nikamuuliza kama unabana kwa nje. Akasema haubani. Akatembea mpaka mwisho wa vyuma, na pale ilibidi ageuke ili aturudie, na akaogopa, akasimama ametuelekezea mgongo.

Nilikuwa nafungua mdomo nimwelekeze. Kwa pembe ya jicho nikauona mkono wa kushoto wa Mchoraji ukitoka mfukoni. Ukainuka usawa wa kiuno, vidole vikajikunja, ukaanza kuzunguka hewani, ukitetemeka, pole pole, kipimo kwa kipimo, na Mwalimu kule mbele, ambaye hakuwa akituona, akageuka nao mpaka akatuelekea. Mchoraji hakuurudisha mkono mfukoni.